Jinsi nilivyotoa upepo kwenye breki nikiwa peke yangu

Baada ya kubadilisha bomba la mpira la breki ya nyuma, pedali ya gari langu ilikuwa laini na ilishuka karibu na sakafu, ikikaza kidogo tu nilipoikanyaga mara tatu mfululizo, dalili ya hewa ndani ya mafuta ya breki. Kwa kuwa sikuwa na mtu wa kunikanyagia, nilianza na pampu ya mkono ya kunyonya, ambayo ilitoa mapovu yasiyokwisha. Mrija wa mpira wenye vali ya njia moja, inayoruhusu mafuta kutoka bila kurudi, nao haukusaidia.

Kumbe mapovu yale hayakutoka ndani ya mfumo: pampu ilikuwa ikivuta hewa ya nje kupitia nyuzi za skrubu ya kutolea upepo iliyolegezwa. Niliiweka kando, nikachukua spana ya ringi ya milimita 10 (ya mdomo wazi hula pembe za skrubu), mpira mwembamba unaoonyesha ndani na chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Nilipaka grisi ya silikoni, si ile ya kawaida inayoharibu sili, kuzunguka shina la skrubu, kisha nikaupandisha mpira juu kabla ya kuushusha chupani, ili pedali ikiachiwa kinachorudi kiwe mafuta na si hewa. Nililegeza skrubu robo mzunguko, nikakanyaga polepole huku kipande cha ubao kikizuia pedali isifike sakafuni, na nikajaza tangi la mafuta ya breki kila baada ya mikanyago mitano. Mapovu yalikoma, nikakaza skrubu, na pedali ikasimama juu, ngumu, kwa mkanyago wa kwanza.