Siku Moja Maishani Mwangu: Kusaka Chuma Ndani ya Chembe ya Kichocheo

Saa 1:00 asubuhi. Maabara ya SSRL, Menlo Park, California, yenye sinkrotroni, yaani mtambo unaozungusha elektroni ili zitoe eksirei kali. Sampuli ni kichocheo (dutu inayoharakisha mmenyuko wa kemikali) kilichokwisha kutumika kwenye mtambo unaopasua mafuta mazito kuwa petroli. Chembe nyingi zina upana wa mikromita 50 hadi 150. Leo tunatumia yenye upana wa 60. Kaboni iliyoganda imeshachomwa kwenye tanuri, zimebaki metali zilizoletwa na mafuta ghafi: nikeli, vanadi na chuma.

Saa 2:00. Chembe inasukumwa kwa ncha ya sindano ndani ya mrija wa kioo wa mikromita 100, kisha vipunje vya dhahabu vinabandikwa nje viwe alama za kulinganishia picha. Chembe isiposhika vizuri itajigeuza katikati ya kazi, na hapo hakuna cha kuokoa.

Saa 3:30. Chumba kinakaguliwa, kinafungwa, eksirei zinaachiwa. Darubini huona kama mikromita 30 kwa mara moja, kwa hiyo tunapiga vipande 9 vinavyoingiliana kidogo, kwa pembe 181 na nishati 4: elektronivolti 7,100 na 7,150 kwa chuma, 8,300 na 8,350 kwa nikeli. Kila metali huanza ghafla kufyonza eksirei nyingi zaidi kati ya nishati zake mbili. Jumla picha 6,516, mbali na zile tupu, zisizo na chembe, za kusawazisha mwanga. Baada ya hapo ni kusubiri tu.

Saa 10:00 jioni. Picha ya nishati ya chini inatolewa kwenye ya nishati ya juu. Kinachobaki ndiyo metali. Hapa ndipo wengi huponzwa na rangi nzuri. Kutoka 7,100 hadi 7,150 ukuzaji hubadilika karibu asilimia 0.7, yaani kama mikromita 0.1 ukingoni mwa picha. Usiporekebisha, unapata utepe mwembamba kuzunguka chembe, unaofanana kabisa na gamba la chuma unalolitafuta! Dhahabu ndiyo shahidi: ufyonzaji wake hauna badiliko la ghafla kwenye nishati hizo, hivyo ikibaki na kivuli baada ya kutoa, ulinganishaji ni mbovu. Rudia.

Saa 2:00 usiku. Chuma kimejibana karibu na uso na kuziba vinyweleo. Nikeli imepenya ndani zaidi. Molekuli kubwa za mafuta zikigonga mlango uliofungwa, zeolaiti iliyo ndani, yaani madini yanayozipasua, haina kazi hata kama bado ni nzima. Kabla ya kuandika kiasi, tunapima chembe mpya kwa njia hiyohiyo, kwani udongo wa kaolini unaotengenezea kichocheo una chuma chake tangu kiwandani.