Laptopu iliyoshika mtandao ikiwa kando ya ruta tu

Laptopu ya dukani kwangu ilikuwa inapata mtandao ikiwa imekaa kando ya ruta tu. Ukiisogeza hatua tatu, vile vimstari vya waifai vinashuka kimoja kimoja mpaka vinakaribia kuisha. Simu yangu, pale pale mezani, inasoma mtandao kamili. Nilihangaika na jambo hili siku kumi na moja, na nataka kulieleza lote, maana laptopu za namna hii ziko nyingi mitaani na wenye nazo wanaambiwa kadi ya waifai imekufa.

Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga. Natoa kopi, nachapa barua na CV, naskani vyeti, na msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi ukifika, foleni inatoka mpaka barazani. Kazi yote inaendeshwa na laptopu mbili za mtumba, na zote zilikuwa na Windows 10. Muda wa kuhudumiwa kwa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitaki kwa sababu prosesa zake ni za zamani. Sasa fikiria: watu wananiachia namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao, hadi paswedi za akaunti zao. Siwezi kukaa na mali ya watu kwenye mashine ambayo haizibwi tena matundu ya usalama. Na pesa ya kununua mbili mpya kwa mpigo sina. Mdogo wangu akaniingiza kwenye kundi la simu la watu wanaotumia Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, wanaosaidiana kwa Kiswahili, akasema, "Dada, humo uliza chochote, hawachoki."

Linux ina aina nyingi; nikachagua Linux Mint, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi, kwa sababu laptopu ya kwanza ina RAM ya GB 4 tu.

Kuipiga kwenyewe kulinikwamisha mara moja. Faili la kupakua ni karibu GB 3, bando lilikatika katikati, nikaongeza, likaendelea, likaonekana limekamilika. Nikalichoma kwenye flashi, laptopu ikawaka, ikafika mahali ikaganda. Nilipotuma picha ya skrini kundini, swali la kwanza lilikuwa: "Umelinganisha sha256?" Sikuwahi kulisikia neno hilo. Wakanieleza kuwa kila faili lina alama yake ya kidole, herufi na tarakimu 64, na waliolitengeneza wameiandika alama hiyo pale pale unapopakulia. Kwenye Windows unaandika `certutil -hashfile`, jina la faili, kisha `SHA256`, halafu unalinganisha. Ya kwangu haikufanana kabisa. Nikapakua upya usiku bando likiwa rahisi, nikalinganisha, ikalingana, na safari hii Mint iliingia chini ya nusu saa. Printa ilikubali bila kuombwa. Skana pia.

Waifai ndiyo ikakataa.

Fundi mmoja wa jirani aliiangalia, akasema kadi imechoka, ninunue kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye USB, shilingi 25,000. Nilikuwa nimeshatoa pesa kwenye droo. Kilichonizuia ni kwamba wiki ileile, kabla ya kuiondoa Windows, nilikuwa nafanya kazi mezani pangu bila shida yoyote. Kadi itachoka vipi siku ileile ninayobadilisha mfumo?

Nikaandika kundini: "Waifai haifanyi kazi vizuri, naomba msaada." Kaka mmoja aliyeko Morogoro hakunipa dawa yoyote. Aliniuliza maswali manne. Kwenye Windows ilikuwa inashika hapo hapo mezani? Simu inashika hapo hapo? Ukiiweka laptopu kando ya ruta, kasi inakuwa ya kawaida? Na ukiandika `lspci -nnk` kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, mstari wa mtandao unasemaje?

Nilijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na nikabandika hii: RTL8723BE, namba `10ec:b723`, draiva inayotumika, yaani programu inayoiendesha kadi, `rtl8723be`.

Akaniandikia: "Basi dada, kadi nzima hiyo. Ingekuwa imekufa isingesoma hata ukiibandika kwenye ruta. Inasikia, ila kama mtu aliyeziba masikio."

Sentensi hiyo ilinipa nguvu. Pesa ikarudi kwenye droo.

Tulianza na njia ambayo haikuwa yenyewe. Draiva hii ina tabia ya kupunguza umeme kwenye kadi, na watu wengi mtandao wao ukikatika huizima tabia hiyo kwa `fwlps=0` na `ips=0`. Nikazima, nikawasha upya, hakuna kilichobadilika. Kaka akanifundisha kupima badala ya kuhesabu vimstari: `iw dev` inakupa jina la kadi, kisha `iw dev` na jina hilo na neno `link`, inakuonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba yenye alama ya kutoa mbele. Ikiwa karibu na sifuri zaidi, mawimbi yana nguvu zaidi. Mezani kwangu ilisoma -84, na ruta iko ukutani kwa wakala wa pesa tunayepakana naye, kama mita sita. Nikaweka namba ile kundini. Nafikiri hiyo namba ndiyo iliyomwamsha mtu wa pili.

Huyu ni mwalimu wa Kiswahili, yuko Kilifi, na ndiye mtu pekee ninayemfahamu anayeandika "kipakatalishi" kila siku bila kukosa. "Dadangu," akasema, "kipakatalishi changu kilikuwa na ugonjwa huo huo. Kadi yako ina matundu mawili ya antena lakini waliokiunda wameweka antena moja. Draiva inasikiliza tundu tupu. Iambie isikilize la pili."

Akanipa mistari miwili. Alinionya kwanza nichomeke simu kwa waya wa USB na kuwasha ile sehemu ya kugawa intaneti kwa waya, ili nisikatike na kundi waifai ikizimwa. Hili lilinishangaza: laptopu iliitambua simu mara moja kama waya wa mtandao, bila draiva, bila chochote. Ningelijua tangu siku ya kwanza nisingekuwa nabeba laptopu kwenda kwa wakala kila mteja anapotaka kutuma fomu.

Mistari yenyewe ni hii. Kwanza `sudo modprobe -r rtl8723be`, inayoitoa draiva. Kisha `sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2`, inayoirudisha na kuiamuru ichague antena ya pili. Alisema kama 2 haileti tofauti nijaribu 1, kwa sababu mashine zinatofautiana.

Nikabonyeza. Sekunde chache kimya, halafu vimstari vyote vinne vikajaa. Nikapima: -47. Nilinyanyua laptopu nikatoka nayo hadi barazani, nikavuka mtaro, nikasimama upande wa pili wa barabara nikiwa bado kwenye mtandao. Mama anayeuza vitumbua akaniuliza nimeshinda nini.

Ili isipotee ukizima mashine, unaiandika kwenye faili moja dogo: `echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf`. Tangu siku hiyo nimesasisha mfumo mara kadhaa na haijabadilika.

Nikataka kujua mstari ule ulitoka wapi. Mwalimu akanionyesha: chaguo la `ant_sel` liliongezwa kwenye draiva hii mwaka 2016 na Mmarekani aitwaye Larry Finger. Maelezo aliyoyaacha nalo yanasema laptopu kadhaa zilitoka kiwandani na antena moja, huku kumbukumbu ya kadi ikiwa imeandikwa kuwa antena iko kwenye tundu lingine. Angeweza kuwaambia watu wafungue mashine wahamishe waya. Akasema hapana, wengine watapoteza dhamana, na mwenye Windows na Linux pamoja ataharibikiwa upande wa Windows. Kwa hiyo akaandika njia ya kuchagua. Yaani alimfikiria mtu ambaye hataki au hawezi kufungua mashine yake. Mtu kama mimi, kwa kweli.

Maisha yake ya kazi hayakuwa ya kompyuta. Alikuwa mtafiti wa fuwele za madini, na kuna madini yaliyopewa jina fingerite kwa heshima yake. Kadi za waifai alizishughulikia baada ya kustaafu. Alifariki Juni 2024. Nilisoma habari hizo duka likiwa limefungwa, kwa mtandao ule ule alioniwezeshea, na nilimwombea.

Wiki iliyofuata nilipeleka laptopu kuongezewa RAM, nikamwomba fundi aniache nitazame ndani. Kadi ni ndogo, haifiki ukubwa wa kiberiti. Ukingoni ina vidoti viwili vya rangi ya dhahabu, ndiyo yale matundu ya antena. Kimoja kimebanwa na waya mweusi mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Kingine kiko wazi, hakijawahi kuguswa na kitu, bado kinang'aa. Nilikipiga picha, nikaituma Morogoro na Kilifi. Fundi naye aliiomba, maana ana laptopu mbili za aina hiyo kwenye rafu yake ambazo wateja walishazikatia tamaa.

Sasa nami kundini mtu akiandika "waifai haishiki", namuuliza yale maswali manne, kwa mpangilio ule ule.

Laptopu ya pili nimeianza jana usiku. Hiyo haioni mtandao wowote kabisa. Kadi yake ni Broadcom, BCM43142, namba `14e4:4365`. Safari hii matokeo ya `lspci` yalitangulia kabla sijaandika neno "naomba". Mwalimu alikuwa macho. "Dadangu," akajibu, "hiyo inataka draiva yake ya pembeni. Waya wa simu uko karibu?"

Uko hapa mkononi.