Kumfuata Somo wa Parokia Yetu hadi Namugongo

Kila tarehe 3 Juni parokia yetu, iliyoko mkoani Kagera, huadhimisha sikukuu ya somo wake, yaani mtakatifu msimamizi wake, Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda, kwa misa ndefu, matoleo ya mazao na kwaya za vigango vyote, yaani vituo vidogo vya parokia, ambazo hushindana waziwazi ingawa hakuna anayekiri kwamba ni mashindano. Safari hii wachache wetu tuliiacha sherehe ya nyumbani tukaenda kuhiji mahali alipofia. Tulivuka mpaka Mutukula asubuhi, tukapita Masaka, na jioni ya mkesha tukashuka Namugongo, nje kidogo ya Kampala, miguu ikiwa imevimba kwa kukaa garini. Niliona haya kulalamika, kwa kuwa baadhi ya mahujaji tulioingia nao langoni walikuwa wametembea kwa siku nyingi, wakiwa na rozari mkononi na godoro jembamba mgongoni.

Basilika ya Namugongo imejengwa kwa umbo la nyumba ya jadi ya Waganda, ikizungukwa na nguzo 22, idadi ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Altare yake iko mahali ambapo Lwanga alichomwa moto peke yake tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa kwa Bwana, kabla ya wenzake kuteketezwa. Waanglikana waliokufa nao wana madhabahu yao jirani, nasi tulipita huko pia.

Lililonishika zaidi ni hesabu ya miezi. Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879, wakaondoka mwaka 1882 na kuhamia Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, upande wetu wa Tanzania, wasirudi hadi mwaka 1885. Muda wote huo waamini walifundishana wenyewe chini ya watu kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu aliyemkemea Mwanga, kabaka yaani mfalme wa Buganda, kwa kumwua Hannington, askofu Mwanglikana, naye akakatwa kichwa tarehe 15 Novemba 1885. Siku hiyohiyo Lwanga aliomba ubatizo, akaupata. Kwa hiyo somo wetu, ambaye sanamu yake tumeipamba maua miaka yote, alikuwa Mkristo kwa muda usiotimia miezi saba. Hata hivyo, usiku mmoja mwishoni mwa Mei, kule Munyonyo, ndiye aliyewabatiza vijana waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, akiwemo Kizito, mdogo kuliko wote.

Misa ya sikukuu iliongozwa na jimbo mojawapo la Uganda, kwa kuwa majimbo hupokezana zamu kila mwaka. Kiluganda sikijui, lakini ilipofika litania nilizifuata sala kwa majina tu: Lwanga, Kizito, Mulumba, Balikuddembe. Mama mmoja aliyekaa kwenye mkeka karibu nami alinigawia maji aliyochota kwenye ziwa dogo la pale Namugongo, nikayajaza kwenye chupa yangu.

Niliporudi, mtu wa kwanza kunipokea alikuwa katekista wa kigango chetu, ambacho humwona padre mara moja kwa mwezi. Nilimpa chupa, nikamsimulia habari za Munyonyo.

“Alibatiza bila padre?” akauliza.

“Ndiyo, Mwalimu. Padre hakuwepo.”

Akaiweka chupa dirishani, akaniomba nirudie kisa hicho tangu mwanzo.