Nilivyowapanga magwiji wa besiboli

Mpenzi wa soka anaujua ubishi wa Pelé na Maradona. Hauishi, kwa sababu kila mtu ana kipimo chake na hakitaji. Basi nilipotaka kuwapanga magwiji wa besiboli ya Marekani, majina niliyaweka kando kwanza, nikatafuta kipimo.

Kuna hesabu inaitwa WAR. Inakadiria ni mechi ngapi zaidi timu ilishinda kwa sababu ya mchezaji fulani, kuliko kama nafasi yake ingeshikwa na mtu wa akiba. Nilichukua jumla ya maisha yake yote uwanjani, nikachukua na misimu yake saba bora, nikatafuta wastani wa hizo mbili. Njia hii ni ya Jay Jaffe, mimi nimeiazima tu. Inamzuia aliyecheza miaka mingi kwa kiwango cha kawaida asimpite aliyewaka kweli.

Kwa kipimo hicho Babe Ruth anakaa juu kabisa. Homurani 714, yaani mipira aliyoipiga ikavuka uzio, na kabla ya hapo alikuwa mrushaji hodari, yaani anayemtupia mpigaji mpira, wa timu ya Boston. Mwaka 1927 alipiga homurani 60 peke yake, zaidi ya timu nzima yoyote ya ligi yake ukiacha ya kwake. Lakini Ruth aliingia ligi kuu mwaka 1914 akatoka 1935, na muda wote huo hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa kucheza humo. Alikuwa mfalme wa nusu ya uwanja.

Ndiyo maana niliongeza safu ya tatu: miaka ambayo mchezaji alinyimwa au alipoteza bila kutaka. Hapo orodha ilipinduka. Ted Williams, aliyepiga wastani wa .406 mwaka 1941 (yaani katika kila majaribio 1,000 ya kupiga, 406 yangemfikisha kituoni), alitumikia jeshi misimu mitatu mizima, 1943 hadi 1945, kisha Vita vya Korea vikamla sehemu kubwa ya miwili mingine. Willie Mays naye jeshi lilimchukua karibu misimu miwili, 1952 na 1953. Alistaafu na homurani 660, pungufu 54 tu kumfikia Ruth, na katika ulinzi wa uwanja wa kati hapakuwa na wa kumfananisha naye. Nikampa Mays namba moja, Ruth akashuka ya pili.

Wa tatu ni Hank Aaron. Watu humkumbuka kwa homurani 755, lakini mimi hesabu iliyonishika ni nyingine: mapigo yake yaliyomfikisha kituoni ni 3,771. Ziondoe homurani zote, bado yanabaki 3,016!

Josh Gibson, mpigaji mweusi aliyefungiwa nje ya ligi kuu, ndiye aliyenipa kazi. Alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi, kuingia ligi kuu na kuvunja ukuta wa ubaguzi tarehe 15 Aprili. Mwaka 2024 ligi kuu ilizitambua rasmi takwimu za Ligi za Weusi, walikocheza wachezaji weusi waliofungiwa nje, na wastani wake wa .372 ukampita Ty Cobb, aliyekuwa anashikilia rekodi hiyo. Ila misimu yao ilikuwa mifupi, hivyo hesabu za kujumlisha zinamwonea. Nimemweka wa nne kwa hukumu yangu, si kwa kikokotoo, na nipo tayari kubishana.

Barry Bonds nilimkata mwishoni mwa 1998, kabla tuhuma za dawa za kuongeza nguvu hazijachafua takwimu zake. Hata hivyo alikuwa na homurani 411 na tuzo tatu za mchezaji bora wa ligi, akaingia kumi bora bila kusukumwa. Jumla yake ya mwisho, homurani 762, sikuigusa.

Warushaji wana orodha yao. Walter Johnson anaongoza: ushindi 417, mechi 110 bila kuruhusu pointi. Cy Young ana ushindi 511, lakini pia alishindwa mara 315, na nampa wa pili. Sandy Koufax, aliyeachishwa mchezo na kiwiko akiwa na miaka 30, anapanda sana nikipima misimu bora peke yake, anaporomoka nikijumlisha yote. Mpaka sasa yuko wa saba.