Fundo la Kanga ya Mama

Juzi mke wangu aling'olewa gego la mwisho, akarudi nyumbani amefunga shavu kwa mtandio na mkononi ameshika kibahasha cha dawa. Binti yetu, ambaye ana miaka tisa na anapenda kuuguza watu kuliko mchezo wowote, alimimina maji kwenye glasi akanijia barazani na kuniuliza, "Baba, dawa za mama zimewekwa wapi nimpelekee?" Nikamjibu kwamba sijui. Alinitazama kwa mshangao, kwa sababu nyumba yetu ni ya vyumba viwili na hakuna kitu ndani yake nisichojua kilipo, kisha akaingia ndani na glasi yake. Nilikuwa nimemwambia kweli. Sijui, nami mwenyewe ndiye niliyeomba nisijue, na utaratibu huo ni mkubwa kwa umri kuliko ndoa yetu, kwani ulianzia kwenye pindo la kanga ya marehemu mama yangu katika masika ya 2014.

Nilikuwa katika mwaka wa pili wa kunywa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, katika hospitali ya Muhimbili. Kliniki ile ilifunguliwa Februari 2011, na sisi tuliotangulia tulikuwa bado tunahesabu siku zetu mojamoja. Wakati ule, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, unafika dirishani, unakunywa dozi yako mbele ya mhudumu, unashushia maji, unatamka neno ili aone kwamba umemeza, unaondoka. Kete za heroini nilikuwa nimeziacha, kijiwe nimekihama, na mama alikuwa ameanza tena kuniachia ufunguo wa nyumba. Ndipo bodaboda iliponigonga pale Magomeni, nikavunjika mfupa wa muundi sehemu mbili.

Hospitali niliyolazwa sitaitaja. Usiku wa kwanza muuguzi alinijia na sindano, nikamwuliza ni ya nini, akasema ni ya maumivu. Nikamwomba jina la dawa yenyewe. Akanitazama kama mtu aliyekosewa adabu, lakini alinitajia: pentazosini. Jina hilo tulikwisha kuonywa kliniki kwamba ni miongoni mwa yale tusiyopaswa kuyaruhusu yatuingie mwilini, kwa sababu dawa hiyo huenda kukaa palepale methadoni ilipokaa, ikaisukuma, lakini haikijazi kiti inachokichukua, na mtu akajikuta kwenye arosto kali, yaani mateso ya mwili unaokosa dawa uliyoizoea, huku mguu wake umevunjika vilevile. Ilinibidi niseme kwa sauti, katika wodi iliyojaa, kwamba natumia methadoni. Jirani yangu wa kitanda cha kushoto alichukua simu yake juu ya kikabati akaiingiza chini ya mto. Muuguzi akasema, "Kumbe," akaondoka na sindano yake, na hakurudi na nyingine badala yake hadi alfajiri.

Wengi hudhani kwamba mtu anayekunywa methadoni hasikii maumivu. Hata shangazi yangu aliyekuja kunitazama aliniuliza nalia nini, na kila siku nameza dawa nzito namna ile. Dozi moja huzuia arosto usiku na mchana, ni kweli, lakini nguvu yake ya kutuliza maumivu huisha baada ya saa chache tu, na mwili uliozoea dawa za jamii hiyo kwa miaka mingi huyasikia maumivu kwa ukali zaidi, si kwa upungufu. Nashukuru kwamba asubuhi alikuja daktari aliyelijua jambo hilo. Alipiga simu kliniki, dozi yangu ikathibitishwa, nikaendelea kuinywa kama kawaida, na juu yake nikapewa mofini kwa saa zilizopangwa mpaka nilipofanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma.

Siku ya kuruhusiwa niliandikiwa parasetamoli, pamoja na vidonge kumi na vitano vya tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii ileile ya methadoni, kimoja mara tatu kwa siku. Daktari wa kliniki alikikalia kile cheti muda mrefu kabla ya kukubali. Hakutaka nibaki bila kitu, kwa sababu amewaona waliorudi kijiweni si kwa starehe bali kwa maumivu ambayo hakuna aliyeyaamini, na hakutaka pia nibaki na vidonge kumi na vitano mkononi. Akamgeukia mama. Alimweleza kwamba vikizidi vinaweza kuleta degedege, na kwamba vikikutana na methadoni vinaweza kuipunguza pumzi ya mtu usingizini, hivyo asikilize ninavyopumua, na akiona siamki au midomo imebadilika rangi asisubiri kupambazuke. Mama aliitikia kila neno kwa kichwa. Kisha akaifungua pakiti, akavihesabu mbele yetu, akavifunga kwenye pindo la kanga yake, mahali palepale alipokuwa akifunga nauli na hela ya sokoni tangu nikiwa mtoto.

Usiku ninaoukumbuka ni wa tatu. Mvua ilikuwa ikipiga bati tangu magharibi na umeme ulikuwa umekatika, kukabaki taa ya chemli iliyoshushwa utambi. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya kitanda changu, ubavu, uso umeelekea kwangu, na ile kanga iliyofifia kwa kufuliwa hata maneno yake yakawa hayasomeki ilikuwa imemfunika hadi kifuani. Fundo lilikuwa limeangukia nje, juu ya mkeka, dogo kama ndimu. Saa ilikuwa nane za usiku. Kidonge cha saa nne nilikuwa nimekimeza, cha alfajiri kilikuwa bado saa nne nzima, na vilivyobaki vilikuwa saba, hesabu ambayo hakuna aliyekuwa ameniambia na ambayo nilikuwa nayo kichwani tangu siku ya kwanza.

Mguu ulikuwa ukiuma kweli. Nalisema hili kwa sababu nimeshawahi kulisimulia tukio hili kwa watu, wakaniuliza kama yalikuwa maumivu au ilikuwa hamu, nami kila mara nashindwa kujibu. Mfupa ulikuwa ukigonga kwa mapigo ya moyo kuanzia kwenye chuma hadi gotini. Lakini kulikuwa na mwingine aliyekuwa akizungumza ndani yangu, niliyemfahamu vizuri, na usiku ule aliazima sauti ya mguu. Alisema kwa upole kabisa kwamba viwili si vingi, kwamba alfajiri mama hatahesabu, kwamba ni cheti cha daktari na si kete. Nilijaribu kuwatenganisha wale wawili, huyu anayeumwa na yule anayetaka, na sikuona mpaka ulipokuwa.

Nikauteremsha mkono. Nililigusa fundo kwanza kwa ncha za vidole, na ile karatasi ya bati ya vidonge ikachakarisha ndani ya kitambaa, mchakarisho mdogo ambao mvua ilipaswa kuufunika, lakini kwangu ulijaza chumba kizima. Nikasubiri. Nikaingiza ukucha kwenye mkunjo wa juu nikauvuta, nao ukalegea. Nilikuwa nimebana pumzi ili nisimwamshe.

Hapo ndipo nilipouona mkono wake. Ulikuwa umelala juu ya mkeka, karibu na shavu lake, kiganja kikitazama juu, na kidole gumba kilikuwa kimesimama kwenye pingili ya kati ya kidole cha shahada. Alikuwa akihesabu. Alikuwa akizihesabu pumzi zangu kwa pingili za vidole, kama alivyokuwa akihesabu nyiradi zake baada ya swala, macho yamefumba, na gumba lilisimama kwa sababu mimi nilikuwa nimeacha kupumua.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Nililiachia fundo, nikaurudisha mkono kitandani, nikapumua. Gumba likasogea pingili iliyofuata. Nikapumua tena, likasogea. Hakufungua macho, hakujigeuza, hakuivuta kanga yake kuelekea kwake. Nilibaki namtazama na mguu ukiniuma mpaka adhana ya alfajiri, na alipoamka, kama alikuwa amelala, aliliona lile fundo limelegea mkunjo mmoja, akalifungua lote, akatoa kidonge kimoja, akalifunga upya na kunipa kidonge pamoja na uji. Hakusema lolote.

Usiku uliofuata alitandika mkeka wake mahali palepale na kulala ubavu uleule, fundo likiwa upande wangu.

Siku zilizobaki zilipita kwa mvua na bajaji. Jangwani ilifurika barabara ikafungwa, tukawa tunazungukia Kinondoni na Salenda kuifikia dozi Muhimbili, mguu wangu umenyooshwa juu ya mapaja ya mama. Vidonge vikaisha, parasetamoli ikaendelea, mfupa ukaunga. Mama alifariki miaka michache baadaye bila sisi wawili kuuzungumzia usiku ule. Nilidhani kutakuwa na wakati. Nilitaka kumwuliza kama lile fundo aliliacha pale kwa kuniamini, au kwa kunipima, au kwa sababu ya uchovu tu wa mwanamke aliyekuwa hajalala siku tatu na hakukumbuka fundo liko upande gani.

Nilipoposa, nilimweleza mke wangu habari ya kanga kabla ya kumweleza mambo mengine yote, na tangu hapo dawa yoyote inayoingia nyumbani mwetu huwekwa na yeye. Kila cheti kipya nakipeleka kwanza kliniki, hata kiwe cha kikohozi, kwa kuwa nimemwona mwenzetu aliyeanza dawa za kifua kikuu akarudiwa na arosto ndani ya wiki chache, kwani rifampisini ilikuwa ikiimaliza methadoni yake mwilini kabla ya saa zake, hadi dozi ilipopandishwa. Wapo rafiki zangu wanaosema kwamba baada ya miaka yote hii ningepaswa kuzishika dawa mwenyewe, na kwamba mtu mzima hafichwi vidonge ndani ya nyumba yake. Huenda wana haki. Kuna siku naona wana haki kabisa, na kuna siku kama ya juzi, ambapo nilikisoma kile kibahasha kutoka mbali, mwandiko wa kalamu ya bluu, 1 x 3, na kabla mke wangu hajavuka kizingiti nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu ya siku tano.

Binti yetu alitoka tena barazani akiwa na glasi tupu, akaketi kando yangu. "Mama amezitoa mwenyewe kwenye mkoba," alinieleza, "lakini amesema nigeukie ukutani kwanza." Nikamwuliza kama aligeuka. Akasema aligeuka. Kutoka chumbani tukasikia zipu ya mkoba ikifungwa taratibu, nami nikamwomba aendelee kukaa pale nje pamoja nami kidogo.