Sharti Lililowekwa Mwanzoni

Jumamosi, usiku.

Binti wa kaka yangu amekwenda kulala bila kuniaga vizuri. Ana umri wa miaka 14, na kwa muda wa likizo hii amekuwa akinichagulia anime, yaani katuni za Kijapani, za kutazama baada ya chakula cha jioni. Leo zamu ilikuwa yangu, nami nikamwekea Hotarubi no Mori e, filamu ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Takahiro Omori kutokana na manga fupi, yaani hadithi ya vibonzo, ya Yuki Midorikawa. Ilipokwisha alinigeukia, mashavu yamelowa, akaniuliza, "Shangazi, kwani wangepungukiwa nini wangemwacha aishi?" Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Nilimwambia akanawe uso, tutazungumza kesho, kisha nikabaki peke yangu mezani, kwa sababu swali lake nimeishi nalo kwa miaka kadhaa: hadithi ya mapenzi baina ya mwanadamu na kiumbe wa ghaibu inastahili kuisha kwa furaha, au kwa ule mwisho wa utamu uliochanganyika na shubiri?

Filamu hiyo haifiki saa nzima. Ni dakika 45 hivi. Hotaru ana umri wa miaka sita anapopotea katika msitu wa mungu wa mlimani, karibu na kwao babu yake anakokwenda kila likizo ya majira ya joto, na huko anamkuta Gin, kijana aliyevaa kinyago cha mbweha. Mtoto aliyepotea akimwona mtu humkimbilia, naye Hotaru anamkimbilia. Gin anakwepa, na Hotaru anapong'ang'ania, Gin anamchapa kwa kijiti. Sababu inaelezwa mapema, waziwazi, kabla mtazamaji hajapata nafasi ya kujifariji: Gin akiguswa na mwanadamu, atatoweka. Kwa hiyo anapomwongoza kutoka msituni, wanashika kijiti, yeye ncha hii na Hotaru ncha ile. Miaka inapita. Kila likizo Hotaru anarudi akiwa amerefuka kidogo, huku Gin akibaki karibu vile vile alivyokuwa.

Kuna mahali ambapo moyo wangu hukwama kila ninapoitazama. Hotaru, angali mdogo, amepanda mti, kisha anateleza na kuanguka. Mikono ya Gin inanyanyuka kumdaka, halafu inarudi nyuma, na mtoto anaangukia vichakani. Mtu angetarajia alie kwa maumivu au amlaumu. Yeye anashukuru kwamba hakudakwa, kisha anamsihi Gin asimguse kamwe, litokee litakalotokea, na ni hapo ndipo machozi yanapomtoka. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara naona kwamba hadithi nzima imekwisha kusemwa pale, kwa sababu mtoto yule ameelewa kuwa kumpenda mwenzake ni kumwacha aanguke.

Mwisho unakuja usiku wa sherehe ya viumbe wa msituni, sherehe inayofanana sana na za wanadamu, kiasi kwamba wanadamu nao mara nyingine huingia bila kujua. Wawili hao wanatembea wakiwa wamefungwa kitambaa kimoja, ncha moja mkononi mwa Gin na nyingine mkononi mwa Hotaru. Gin anamvisha Hotaru kinyago chake, kisha anakibusu kinyago. Muda mfupi baadaye mtoto mmoja anajikwaa, Gin anamshika asianguke, mtoto anashukuru na kukimbia zake. Alikuwa mwanadamu. Vidole vya Gin vinaanza kumeremeta na kuyeyuka, na anapoliona hilo uso wake haujai hofu. Anamfungulia Hotaru mikono yake, kwa kuwa sasa, hatimaye, anaweza kumkumbatia. Wanakumbatiana. Kinachobaki mikononi mwa Hotaru ni nguo na kinyago.

Mpwa wangu alikuwa na mwisho wake mwingine, aliousema huku akipenga kamasi: mungu wa mlimani, ambaye ndiye aliyemhifadhi Gin alipotupwa msituni akiwa mchanga, angemwonea huruma na kuuondoa ule mwiko uliomfunga. Nimeuwaza mwisho huo kwa heshima zote, maana huruma iliyouzaa ni ya kweli. Lakini kila ninapoujaribu, kijiti kinaniponyoka mkononi. Kila tendo la mapenzi katika filamu ile limeshonwa kutokana na mwiko: kijiti ni mwiko, kitambaa ni mwiko, busu juu ya kinyago ni mwiko, na mikono iliyorudi nyuma chini ya mti ni mwiko. Kama ungeweza kuondolewa kwa huruma ya dakika ya mwisho, basi miaka yote ile ya kujizuia ingekuwa usumbufu tu, watu wawili waliosubiri mlango ambao ulikuwa wazi tangu asubuhi. Halafu kuna jambo ambalo machozi hutuficha: furaha imo. Kumbatio lile moja ndilo walilokuwa wakilitamani tangu mwanzo, nao wamelipata.

Sisi tuliokulia kwenye hadithi za jioni tumezoeshwa kungoja "wakaishi raha mustarehe". Bibi yangu aliisema kwa mkokoto, kama mtu anayefunga kanga vizuri kabla ya kuinuka. Lakini alikuwa na hadithi moja ya mvuvi aliyeoa mwanamke wa kijini kwa sharti kwamba asimuulize kwao ni wapi. Mvuvi alivumilia mpaka siku moja akauliza, na mwanamke akakunja mkeka wake, akatembea kuelekea majini bila kugeuka. Hapo bibi hakusema raha mustarehe. Aliinuka akaenda kupunguza utambi wa taa, nasi watoto hatukumdai mwisho mwingine, kwa kuwa sharti tulilisikia mwanzoni, kama mvuvi alivyolisikia.

Hadithi za kale za Kijapani nazo zimejaa masharti ya namna hiyo. Korongo aliyegeuka mwanamke anafuma kitambaa nyuma ya mlango uliofungwa, mume anachungulia, korongo anaruka na kwenda zake. Kaguya, binti aliyepatikana ndani ya mwanzi katika masimulizi yenye umri wa zaidi ya miaka 1,000, anachukuliwa kurudi mwezini, na joho analovishwa linamsahaulisha waliomlea. Katika karne ya 18 mwanazuoni Motoori Norinaga alieleza kwamba kiini cha fasihi ya kwao ni mono no aware, yaani ule mguso wa moyo mbele ya mambo yapitayo. Kutokana na haya wapo wanaosema kwamba anime ya mapenzi ya ghaibu lazima iishe kwa kutengana, ati ndivyo Wajapani wanavyoona dunia. Mimi siliafiki hilo. Linawanyang'anya watunzi uhuru wao, na linasahau kwamba wapo Wajapani waliowaunganisha wapendanao na kazi zao zikasimama imara.

Kimi no Na wa ya Makoto Shinkai, iliyotoka mwaka 2016, ndiyo iliyonifundisha kutoudharau mwisho wa furaha. Niliianza nikiwa na kinyongo, kwa sababu filamu yake ya mwaka 2007, Byōsoku 5 Senchimētoru, humalizika kwenye kivuko cha reli: treni zinapita, na zinapokwisha kupita, mwanamke hayupo tena ng'ambo. Kwa hiyo wapendanao wa filamu hii, kijana Taki na msichana Mitsuha, walipopishana kwenye ngazi za Tokyo, kila mmoja akiwa amekwisha kupita hatua kadhaa, niliamini kabisa kwamba Shinkai ataniacha tena na njia tupu. Taki akageuka akamwita. Wakaulizana majina.

Nilipiga kofi peke yangu sebuleni. Baadaye niliogopa kwamba nimehongwa kwa utamu, nikaitazama tena ili nijihakikishie, na nikaona kwamba deni lililipwa. Hawa wawili walibadilishana miili wakati miaka mitatu iliwatenga. Mitsuha alikuwa amekwisha kufa pamoja na watu wa mji wake wa Itomori, kipande cha nyota yenye mkia kilipouangukia, kabla Taki hajajua hata kuna mji kama huo. Wanaonana ana kwa ana mara moja tu, jua linapozama, kwa kitambo kifupi mno. Taki anashika kalamu aandike jina lake kiganjani mwa Mitsuha wasije wakasahauliana. Mitsuha naye anapoanza kuandika lake, giza linaingia na kalamu inadondoka chini. Baadaye, akikimbia kuwaokoa watu wake, Mitsuha anafungua kiganja kusoma jina na kukuta Taki ameandika kwamba anampenda. Jina halimo. Watu wa Itomori wanaokoka, mji wenyewe unaangamia, na wapendanao wanabaki miaka wakitafuta kitu wasichokijua. Kumbukumbu ndiyo bei iliyotajwa, nao waliilipa yote. Pale kwenye ngazi wanakutana kama wageni kabisa, na hawarudishiwi hata siku moja ya zile walizoishi. Furaha ya namna hiyo naipokea kwa mikono miwili.

Vivyo hivyo kwa Inuyasha ya Rumiko Takahashi, ambayo sehemu yake ya mwisho ilirushwa kati ya mwaka 2009 na 2010. Kisima kinachomvusha msichana Kagome hadi zama za kale kinajifunga kwa miaka mitatu, kinafunguka amekwisha kumaliza shule, naye anarudi miaka 500 nyuma kwa mpenzi wake aliye nusu mwanadamu na nusu zimwi. Anamwacha mama yake, babu yake na mdogo wake wa kiume. Anayeuita mwisho ule mtamu mtupu hajawahi kumsindikiza binti anayekwenda kuolewa mbali.

Kinachoniudhi ni mwisho usioujua mwanzo wake. Nimetazama hadithi ambamo roho ya marehemu inarudishiwa mwili katika kipindi cha mwisho bila sababu wala gharama, na nimetazama nyingine ambamo mtu anauawa katika kipindi hicho hicho ili tulie tu, ilhali hakuna neno lililotuonya. Namna zote mbili nazihesabu kuwa dhuluma moja. Lakini nikilazimishwa kuchagua, nikiwekewa kazi mbili zilizotungwa kwa uaminifu sawa, nitachagua ile yenye shubiri, na lazima niseme kwa nini, maana si suala la nadharia peke yake.

Mume wangu alipofariki, niliziacha kandambili zake mlangoni kwa zaidi ya mwaka. Katika kipindi hicho niliitazama Kimi to, Nami ni Noretara ya Masaaki Yuasa, filamu ya mwaka 2019, inayomhusu Hinako, msichana apendaye kuteleza juu ya mawimbi, na Minato, mzimamoto anayefia baharini akimwokoa mtu. Hinako anagundua kwamba akiuimba wimbo wao, Minato hutokea ndani ya maji: ndani ya glasi, ndani ya chupa anayotembea nayo mitaani akiisemesha huku watu wakimtazama. Nilimwelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Nilimwombea arudishiwe mtu wake, nikaomba kwa sauti, na filamu haikunipa. Karibu na mwisho, Hinako akiwa kwenye mnara wa Chiba usiku wa Krismasi, unasomwa ujumbe ambao Minato aliuandaa kabla ya kufa, nao unamkuta akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na hapo ndipo analia kilio ambacho chupa ya maji ilikuwa imekizuia.

Nilikasirika usiku ule kama mpwa wangu alivyokasirika leo. Sikuziondoa kandambili kesho yake. Niliziondoa miezi mingi baadaye, siku ambayo hata siikumbuki vizuri. Lakini najua kwamba kama Minato angetoka majini akiwa mzima, ningeizima runinga nikiwa mpweke zaidi, kwa sababu hadithi ingekuwa imempa Hinako kitu ambacho mimi sina njia ya kukipata. Ilinipa mtu wa kukaa naye. Hilo mwisho mtamu haukuwahi kunipa, hata ule wa Itomori nilioupigia kofi.

Jumapili, asubuhi.

Nimeamka nikamkuta ameshachemsha chai na kuiweka mezani pamoja na mihogo ya jana. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya kijiti na mwiko, na nimemweleza, naye amesikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakukubali wala hakukataa. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza jambo ambalo mimi, kwa mara zote nilizoitazama filamu ile, sikuwahi kujiuliza: "Na yule mtoto aliyejikwaa, shangazi, alikuja kujua?"

Nilimwambia kwamba filamu haimwonyeshi tena. Anashukuru, anakimbia, anapotelea kwenye taa za sherehe.

"Basi alifika nyumbani," akasema, "akamwambia mama yake kwamba kuna kaka mmoja mwema alimshika asianguke."

Chai ilipoa tukiwa bado tunamzungumzia mtoto huyo.