Kutoka Goma hadi ng'ambo ya ikweta

Wakati huo barabara ya taifa namba 2 ilikuwa ingali inapitika. Tuliondoka Goma alfajiri, na simu yangu ikisoma latitudo 1°41′ kusini. Nilitaka kuiona namba hiyo ikishuka hadi sifuri. Ikweta inakatiza jimbo letu hili la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lakini mtoto wa Goma anaweza kumaliza sekondari akidhani ni jambo la ramani tu. Hilo linaniuma.

Rutshuru tuliipita haraka. Kwenye mbuga ya Rwindi, ndani ya hifadhi ya Virunga, joto lilitubana sana. Kisha gari likaanza kupanda kona za Kanyabayonga, Ziwa Edward likabaki chini mkono wa kulia, na baridi ikaanza.

Lubero kulikuwa na ukungu, na watu wamejifunika makoti. Nikamwambia mzee niliyekaa naye, "Papa, ikweta iko hapo mbele."

"Na baridi hii yote?"

Nikamweleza kwamba ni urefu wa milima: kila ukipanda kilomita moja, joto hupungua kwa nyuzi kama sita. Huko Ekwado mstari huohuo unapita kwenye mteremko wa volkano ya Cayambe, karibu mita 4,690 juu ya bahari, na theluji ipo.

Akauliza kama unapita pia Ulaya. Haupiti, wala Amerika ya Kaskazini, Australia au Antaktika. Asia nayo unaigusa visiwani tu: Sumatra, Borneo, Sulawesi na vingine vya Indonesia. Bara lenyewe linaishia Malaysia, kwenye rasi ya Tanjung Piai, zaidi kidogo ya digrii moja kaskazini. Amerika ya Kusini unapita Ekwado, Kolombia na Brazili. Katika kilomita 40,075 za mzunguko wake, karibu asilimia 79 ni maji. Nchi kavu ndefu kuliko zote iko kwetu Afrika, zaidi ya kilomita 3,600, kutoka pwani ya Gabon hadi Somalia, kupitia Kongo zote mbili, Uganda na Kenya. Papa aliposikia hivyo alinyoosha mgongo kabisa, nami nilifurahi pamoja naye.

Kati ya Lubero na Butembo namba ikasoma 0°00′, kisha "kusini" ikageuka "kaskazini". Nje palikuwa na mashamba ya viazi na vijana wakisukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, mlimani. Papa alichukua simu, akawageukia abiria wa nyuma na kuwaeleza kwa Kinande. Wakaniuliza na habari za mto wetu. Mto Kongo huivuka ikweta mara mbili, karibu na Kisangani na tena karibu na Mbandaka, kwa hiyo upande mmoja ukikauka, mwingine unanyeshewa, na mto haupungui sana mwaka mzima.